Mhariri, mwandikeni Mary Fowler kwa miguu yake

Ndugu mhariri, salaam nyingi toka Brisbane.

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalisoma kwenye simu, na kila jumamosi jioni nakaa na binti yangu wa miaka 11 tunasoma ukurasa wa michezo pamoja maana Kiswahili chake kimeanza kupotea na kitu pekee kinachomvuta akisome ni mpira. Yeye anasoma kwa sauti mimi namsahihisha. Sasa wiki iliyopita tukafika kwenye habari ya Mary Fowler, mchezaji mpira wa timu ya taifa ya wanawake ya Australia, mtoto akafurahi mno, akanipokonya simu, akasoma mstari kwa mstari mpaka mwisho, alafu akaniangalia akauliza, "Mama, mbona hawajasema anachezaje?"

Nikarudia kuisoma mwenyewe. Kweli bana. Kuna mpenzi wake anayecheza ragbi, kuna nguo alizovaa, neno mrembo nimelihesabu mara tatu, na mwisho kabisa sentensi moja kwamba ni "straika mwenye kipaji cha kuzaliwa aliyelipuka ghafla kombe la dunia 2023". Basi. Mpira hamna.

Ndo maana naandika. Sina shida na mapenzi ya mtu, ni msichana mdogo, apendwe na yeye apende. Lakini mngekuwa mnamwandika mwanaume wa umri wake anayechezea Manchester City msingeanza na nani anamshika mkono, mngeanza na mguu upi anapigia. Na kwa Mary hilo la mguu ndo habari yenyewe.

Kwanza hilo la straika. Mary amecheza sehemu nyingi mbele, ndani nyuma ya straika, pembeni kushoto, pembeni kulia, na pale City mara nyingi nimemuona akitokea winga ya kulia huku straika ni Khadija Shaw yule wa Jamaika na winga ya upande wa pili ni Lauren Hemp. Sasa nyie mnaojua mpira mnaelewa winga anavyokabwa. Beki akijua huyu ni mguu wa kulia anamfungia njia ya kulia, anamsukuma kwenye mguu mbovu, kazi imeisha. Winga wengi duniani, hata wale wakubwa, wana mlango mmoja na beki mzuri anausoma ndani ya dakika kumi. Mary ana milango miwili. Anapiga kulia anapiga kushoto na ukimwangalia bila kuambiwa huwezi kujua upi ndo wa kuzaliwa, kona anaweza kupiga kwa huu, shuti la mbali kwa ule, na mpira ukimjia hahitaji kuusogeza kwanza kwenye mguu anaoupenda, anaupiga hapohapo. Ile nusu sekunde ambayo wengine wanaitumia kurekebisha mpira ndo hiyo beki anaitegemea kuufikia, kwake haipo. Mimi sikuwahi kucheza mpira lakini nimekaa pembeni ya viwanja vya watoto miaka minne sasa kila jumamosi asubuhi na nawaambia hicho ndo kitu kigumu kuliko vyote kumfundisha mtoto, mtoto anaukwepa mguu wake dhaifu kama anavyokwepa dawa.

Kwahiyo mkisema kipaji cha kuzaliwa mnanipa shida. Hakuna mtu anazaliwa na miguu miwili ya namna ile. Ile inatengenezwa.

Na imetengenezwa wapi. Mary kazaliwa Cairns, kaskazini ya Queensland, mwezi Februari 2003, baba ni mtu wa Ireland, mama ni wa Papua New Guinea, nyumba ya watoto watano na wote mpira. Baba ndo alikuwa mwalimu wao wa mwanzo na mazoezi walikuwa wanafanya mpaka ufukweni. Nimefika Cairns mara moja, kule ni joto na unyevu, nguo inakugandia mgongoni saa mbili asubuhi, mchanga wenyewe ni laini ukikimbia mguu unazama unauvuta unazama tena. Sasa mtoto wa miaka saba nane anapiga mpira pale, kulia kushoto, kulia kushoto, kaka na dada zake pembeni nao hivyohivyo. Alipofika kama miaka kumi familia nzima ikahamia Uholanzi kwa ajili ya mpira wa watoto, akachezea huko, wakarudi Australia. Mimi mzazi najua kuhamisha watoto nchi ni nini, sio jambo la mchezo, na hawa walihamisha watano.

Alafu "kulipuka ghafla 2023". Mhariri naomba tuhesabu pamoja.

Timu ya taifa ya wakubwa, Matildas, alianza kuichezea Julai 2018 kule Marekani, mechi na Brazil, akiwa na miaka 15 na miezi mitano. Kumi na tano! Na alikuwa na uchaguzi, maana angeweza kuvaa jezi ya Ireland ya baba au Papua New Guinea ya mama. 2019 akapelekwa kombe la dunia Ufaransa ana miaka 16 na hakucheza hata dakika moja, Australia wakatolewa na Norway kwa penalti hatua ya 16 bora, yeye karudi nyumbani jezi haijatoka jasho. Akaenda Adelaide United, na Januari 2020 kabla hata hajatimiza 17 akasaini Montpellier ya Ufaransa.

Hapo naomba msimame kidogo kwasababu habari zote zinaparuka hapo. Januari 2020. Miezi miwili baadae korona, ligi ya Ufaransa ikasimamishwa na msimu ukaishia hapo, na Australia ikafunga mipaka mwezi Machi, ikaja kufunguliwa Novemba 2021. Sisi tuliokuwa huku tunajua ile mipaka ilikuwa nini, mimi mwenyewe baba yangu alifariki nikaangalia mazishi kwenye simu nimekaa kwenye ngazi za kazini. Sasa muweke msichana wa miaka 17 upande wa pili wa mpaka huo, nchi ambayo lugha sio yake. Mwenyewe ameshasema hadharani kwamba Ufaransa alipitia kipindi kigumu sana cha moyo na akili. Nikisoma kwamba amelipuka ghafla nafikiria ile miaka ya Montpellier na naona kama mtu kaichana karatasi katikati akatupa nusu.

Na katikati ya kipindi hichohicho, Julai 2021, Olimpiki ya Tokyo, robo fainali na Uingereza kule Kashima. Mechi imefika dakika za nyongeza 2 kwa 2, Uingereza wakapata penalti, kipa Teagan Micah akaipangua, na punde tu mpira ukaenda upande wa pili Mary akaachia shuti nje ya boksi likamgusa beki likazama. 3 kwa 2. Sam Kerr, nahodha wao, akaongeza la nne, Uingereza wakarudisha moja, ikaisha 4 kwa 3. Mary alikuwa na miaka 18. Hii ni miaka miwili kamili kabla ya huo mlipuko wenu.

2022 akaenda Manchester City, na msimu wa kwanza benchi alilijua vizuri sana. Watu hapa Australia walikuwa wanalalamika, kwanini hapangwi, atoke, aende kwingine. Hakutoka. Msimu uliofuata wa 2023/24 ndo akaanza kupangwa mara kwa mara na City ikamaliza pointi 55 sawasawa na Chelsea ikakosa ubingwa kwa tofauti ya magoli tu.

Kombe la dunia la wanawake lenyewe sasa, lile la 2023 lililochezwa hapa Australia na New Zealand. Sam Kerr akaumia mguu siku moja kabla ya ufunguzi, nchi nzima ikanuna, na walioanza mbele siku ile ni Caitlin Foord na Mary, mechi ya kwanza, dhidi ya nani? Ireland! Nchi ya baba yake, mbele ya watu 75,784 pale Sydney. Wakashinda 1 kwa 0. Mechi ya pili na Nigeria Mary hakucheza kwasababu aligongwa kichwa mazoezini, na nyie mnaikumbuka ile, Oshoala akaingia akafunga la tatu akavua jezi, Nigeria 3 Australia 2, mimi siku ile moyo ulikuwa umegawanyika vipande viwili na sioni aibu kusema kimoja kilikuwa kinacheka. Mechi ya Denmark ndo naomba muitafute muiangalie, dakika ya 29, Mary kashuka chini karibu na katikati ya uwanja kupokea mpira, kageuka, kainua kichwa mara moja, kapiga pasi ndefu inayokata mabeki wote ikamkuta Foord anakimbia kushoto bila kupunguza hata hatua moja. Foord akaingia nao akampitisha kipa katikati ya miguu. Kila mtu anamkumbuka Foord, na ni haki yake, ila ile pasi mimi nimeiangalia labda mara hamsini.

Na Ufaransa. Agosti 12, robo fainali, hapa hapa Brisbane, uwanja unaojulikana zaidi kwa ragbi. Tulikuwepo, mimi na binti, yeye akiwa na miaka tisa, viti vya juu kabisa wachezaji wanaonekana kama punje. Kipindi cha kwanza Mary alipata nafasi goli likiwa wazi, akapiga, beki De Almeida akajitupa akaublok, uwanja mzima ukashika vichwa. Dakika 120 zikaisha hakuna goli. Penalti.

Mary alikuwa wa nne kupiga. Muelewe hesabu ilivyokuwa: Ufaransa wametoka kufunga yao wanaongoza 3 kwa 2, akikosa huyu basi Ufaransa wamebakiza kupiga moja tu waingie nusu fainali na sherehe ya nchi nzima imezimwa. Ana miaka 20. Watu zaidi ya elfu 49 na nilisikia mtoto wangu anapumua. Alitembea toka katikati ya uwanja taratibu kama mtu anaenda kuchota maji, akaweka mpira, akarudi nyuma, akapiga, ukaingia. Hakuruka, hakupiga kelele, akarudi kwenye mstari kushikana na wenzake. Mfaransa aliyefuata akagonga mwamba. Ile mikwaju ilienda mpaka kila timu imepiga kumi, kipa Mackenzie Arnold akipangua na yeye mwenyewe akikosa yake, na aliyemaliza ni Cortnee Vine, winga mwingine, 7 kwa 6. Mama mmoja wa kizungu nisiyemjua alinikumbatia akalia begani kwangu mpaka koti likalowa. Ilikuwa mara ya kwanza timu ya Australia ya wakubwa, wanaume kwa wanawake, kufika nusu fainali ya kombe la dunia la mpira wa miguu. Uingereza wakawatoa 3 kwa 1 siku nne baadae na watu zaidi ya milioni 11 waliifungulia kwenye tivii, nchi yenye watu kama milioni 26.

Toka siku ile binti yangu akaanza ukuta. Nyuma ya nyumba yetu kuna ukuta wa tofali wa gereji na yeye akaamua kwamba mguu wa kulia umeshajua kazi, zamu ya kushoto. Mwanzo ilikuwa huruma, mpira unaenda kwenye maua, unaenda kwa jirani, anaupiga na kidole unamuuma anachechemea anarudi. Anahesabu kwa Kiingereza mpaka hamsini, nikamwambia hapana, ukitaka nikuhesabie hesabu kwa Kiswahili, kwahiyo sasa ukipita nyuma ya nyumba saa kumi na moja jioni unasikia ishirini na saba, puu, ishirini na nane, puu. Karibu miaka miwili. Mwezi Juni 2025 kwenye mechi ya wasichana wa umri wake, asubuhi ya baridi na nyasi zimelowa umande, mpira ukamdondokea upande wa kushoto na hakuusogeza. Akaupiga hapohapo. Ulipita pembeni ya goli hatua mbili tatu, haukuingia, lakini kocha wake aliweka chini chupa ya maji akapiga makofi na mimi nilijua anapigia nini.

Kwahiyo mkimwambia mtoto kama huyu kwamba Mary ni kipaji cha kuzaliwa aliyelipuka ghafla, mnamwambia aache ukuta. Na mkimwambia habari kubwa ya Mary ni nani anatoka nae, sijui mnamwambia nini lakini sitaki aisome kwa sauti mezani kwangu.

Na sisemi kwamba hakuna habari nyingine. Ipo na ni nzito na nyie mmeiruka. Aprili 2025 kwenye nusu fainali ya kombe la FA na Manchester United Mary alichanika kano ya goti, ile ACL, ikamweka nje ya uwanja miezi mingi. Mngewaeleza wasomaji hii kano ni kitu gani ingekuwa msaada mkubwa hata kwa mabinti wanaocheza huko. Ni kano iliyoko ndani katikati ya goti, ndo inazuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele na goti lisijipinde, na mara nyingi haichaniki kwa kupigwa teke, inachanika mtu anakimbia kwa kasi anakanyaga anageuka, mguu umebaki mwili umeenda. Sasa kazi ya winga ni ipi kama sio hiyo? Kukimbia, kusimama ghafla, kugeuka, kuondoka tena, mara ishirini thelathini kwenye mechi moja. Madaktari mara nyingi wanatengeneza kano mpya kwa kuchukua kipande cha kano toka sehemu nyingine ya mguu wa mtu mwenyewe, nyuma ya paja au mbele ya goti, alafu ni miezi tisa mpaka mwaka ya kujifunza upya, kwanza kunyoosha goti, kisha kutembea, kisha kukimbia mstari mmoja, na kugeuka kunakuja mwisho kabisa. Wanawake wanachanika hii kano mara nyingi zaidi kuliko wanaume na watafiti bado wanatafuta sababu zote, wengine wanaangalia homoni, wengine umbo la nyonga na goti, wengine viatu vilivyotengenezwa kwa mguu wa mwanaume na ratiba ya mechi. Sam Kerr nae alichanika ya kwake Januari 2024. Hii ni habari ya ukurasa mzima, mhariri.

Na huku watu walikuwa wanahesabu miezi kwenye vidole maana kombe la Asia la wanawake lilipangwa kuchezwa hapa Australia Machi 2026, Perth, Sydney na Gold Coast, na Gold Coast toka kwangu ni mwendo wa saa moja tu. Angekuwa tayari? Kule Cairns, kule Sydney, hapa kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kila mtu alikuwa na jibu lake. Kuna bibi mmoja namuogesha asubuhi, ana miaka 88, kila nikiingia swali la kwanza lilikuwa goti la Mary linaendeleaje kama vile ni mjukuu wake. Na huyu bibi ndo aliyenisimulia kwamba hapa Brisbane mwaka 1921 wanawake walicheza mpira uwanja wa Gabba mbele ya watu kama elfu kumi, mama yake alikuwa anaisimulia ile siku, nikaja kuisoma mwenyewe nikakuta ni kweli. Hebu fikirieni, elfu kumi, halafu miaka mia nzima ipite watu wanaambiwa wanawake wanacheza mpira siku hizi.

Alafu kitu kingine kidogo. Mary kaikuta njia imeshafyekwa. Mwaka 2015 Matildas waligoma, wakakataa safari ya kwenda kucheza Marekani kwasababu ya malipo, na Novemba 2019 ndo ukasainiwa mkataba wa kugawana mapato sawa na timu ya wanaume. Dada zake wa timu ile wengine walikuwa wanafanya kazi mbili. Mkija kumwandika tena muwaweke na wao hata kwa mstari mmoja.

Sina ugomvi na mwandishi wenu, labda alipewa picha akaambiwa jaza maneno, najua kazi zinavyokuwa. Ombi langu ni jepesi. Mkimwandika Mary tena, mtafuteni picha akiwa anapiga mpira, ikiwezekana kwa mguu wa kushoto, kubwa, rangi zote, na chini yake mtu anayejua mpira aandike alipokea wapi, aligeuka vipi, beki alifanya nini. Binti yangu Kiswahili chake bado cha kuungaunga, neno kama "mshikamano" linamshinda kabisa juzi tumelirudia mara sita. Ila kulia na kushoto anavijua, na hesabu sasa anafika mia mbili.

Tunawasoma jumamosi.

Mama wa winga,
Brisbane, Australia